Maana katika lugha ya pili: maswali ambayo watu wa Bukavu huyauliza mara kwa mara

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya ukalimani kati ya wagonjwa na waganga katika vituo vya afya hapa Bukavu, na jioni nimekuwa nikiwafundisha watu wazima Kifaransa. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi wangu, na wazazi wao, na wauguzi tunaofanya kazi pamoja. Nimeyajibu kwa kutegemea yale ambayo wachunguzi wa ubongo wameyapima, na pale ninapotoa maoni yangu mwenyewe nimesema hivyo waziwazi.

Kwa mtu wa Bukavu, lugha ya pili ni ipi hasa?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyezaliwa vijijini, Kabare au Walungu, mara nyingi huanza na Kimashi, lugha ya Washi, hukutana na Kiswahili sokoni na kanisani, kisha hupokewa na Kifaransa darasani. Mtoto aliyezaliwa Kadutu, hapa mjini, huenda akaanza na Kiswahili moja kwa moja, na Kimashi akakisikia tu wazee wanapozungumza wao kwa wao. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Lakini katiba hupanga lugha za serikali, wala haipangi lugha za moyo wa mtu.

Katika ukurasa huu ninaita lugha ya kwanza ile uliyobembelezwa nayo na kukaripiwa nayo kabla hujajua kusoma, na ninaita lugha ya pili nyingine yoyote iliyokuja baadaye, hata kama leo unaisema vizuri kuliko ya kwanza. Wapo pia waliolelewa katika lugha mbili tangu kuzaliwa, na hao wana mbili za kwanza.

Je, kila lugha ina chumba chake ndani ya ubongo?

Hapana, ingawa dhana hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alimchunguza mgonjwa aliyekuwa akielewa anachoambiwa lakini asiweze kutamka ila silabi moja, «tan», na baada ya kifo chake akakuta jeraha katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, akaeleza hali iliyo kinyume: wagonjwa waliozungumza bila kukwama lakini maneno yao hayakuwa na maana, na uelewa wao ulikuwa umeharibika, kwa sababu ya majeraha yaliyo nyuma zaidi, karibu na eneo la kusikia. Tangu hapo watu wengi wakadhani kwamba lugha inakaa mahali pawili tu, na kwamba lugha mpya lazima itafutiwe mahali pake.

Picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine za sumaku zimeonyesha mambo tofauti. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha watu waliojua lugha mbili tangu utotoni na wale waliojifunza ya pili wakiwa wakubwa. Katika eneo la Wernicke, lugha zote mbili ziliwasha sehemu zilezile kwa makundi yote. Katika eneo la Broca, waliojifunza ukubwani walionyesha sehemu mbili zilizo jirani, na waliojifunza utotoni walionyesha sehemu moja. Tafiti za baadaye zimeongeza kwamba kiwango cha kuijua lugha na wingi wa kuitumia vina uzito mkubwa pia, na kadiri mtu anavyoimudu lugha ya pili ndivyo inavyozidi kutumia njia zilezile za lugha ya kwanza. Kwa hiyo, Kifaransa chako na Kiswahili chako vinakaa nyumba moja na kupikia jiko moja, na kazi ngumu ya ubongo ni kuamua nani ashike mwiko kwa wakati huu.

Nini hutokea tangu neno liingie sikioni hadi lieleweke?

Ubongo hausubiri sentensi iishe ndipo uanze kutafuta maana. Kila neno linapofika, tayari ubongo umeshaandaa matarajio ya neno linalofuata, na hulipima neno jipya dhidi ya matarajio hayo kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard, huko California, waliwawekea watu elektrodi juu ya ngozi ya kichwa na kuwasomesha sentensi ambazo baadhi zilimalizika kwa neno lisilotarajiwa. Waliona wimbi la umeme lenye mwelekeo hasi, ambalo kilele chake hufika yapata milisekunde 400 baada ya neno kuonekana, na ambalo hukua kila neno linapogongana na maana iliyotangulia. Wimbi hilo huitwa N400.

Chukua sentensi hii: «Mvuvi alirudi kutoka ziwani na ndoo iliyojaa sambaza.» Msomaji wa Bukavu, ambaye kwake sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hupita bila kujikwaa. Sasa weka neno «mawingu» mahali pa «sambaza», na ubongo wake utatoa wimbi kubwa kabla yeye mwenyewe hajatambua kwamba ameshangaa. Katika lugha ya pili wimbi hilo lipo pia, lakini kwa mtu ambaye hajaimudu lugha huchelewa kidogo na mara nyingi huwa dogo, kana kwamba ubongo hauna uhakika wa kutosha hata wa kushangaa.

Ninao mfano wa karibu zaidi. Nilimpa mwanafunzi wangu mmoja hadithi ya Kiswahili iliyoandikwa Tanzania. Alifika penye maneno «bibi yangu, aliyekuwa na umri wa miaka themanini, alinibeba mgongoni», akanyamaza, akarudi mwanzo wa sentensi, kidole chake kikifuata mstari, kisha akanitazama. Huko Tanzania, bibi wa mtu ni mama wa baba yake au wa mama yake, lakini kwetu hapa, bibi wa mtu ni mke wake. Mke wa miaka themanini anayembeba mumewe mgongoni haingii akilini, na mwanafunzi huyo, anayesema Kiswahili kila siku ya maisha yake, alikuwa amekutana na lugha ya pili ndani ya lugha yake. Ndiyo maana huwa siwalaumu wanafunzi wa hapa wanaosema kwamba Kiswahili cha vitabuni kinawachosha. Maneno ni yaleyale, lakini matarajio yaliyojengwa juu yake ni mengine.

Ninaposikia Kifaransa, je, ninatafsiri kichwani bila kujua?

Mara nyingi ndiyo, na jambo hili limepimwa kwa njia ya werevu sana. Guillaume Thierry na Yan Jing Wu walichapisha mwaka 2007 jaribio walilowafanyia Wachina wanaokijua Kiingereza vizuri. Washiriki walisoma maneno mawilimawili ya Kiingereza na kusema kama yana uhusiano wa maana. Hawakuambiwa kwamba baadhi ya jozi, zikigeuzwa kuwa Kichina, zina herufi moja ya pamoja: neno la «treni» na neno la «paja la nguruwe lililokaushwa», kwa mfano, huanza kwa herufi ileile ya Kichina. Majibu ya washiriki hayakubadilika, wala hawakugundua chochote, lakini wimbi la N400 lilipungua kila jozi ya namna hiyo ilipotokea. Kichina kilikuwa kimeamka bila kuitwa.

Maelezo yanayotumika sana yalitolewa na Judith Kroll na Erika Stewart mwaka 1994. Mwanzoni, neno la lugha ya pili hushikamana na neno la lugha ya kwanza, na hufika kwenye maana kwa kupitia mlango huo. Kadiri mtu anavyoendelea, neno jipya hujitengenezea njia yake ya kufika kwenye maana moja kwa moja. Njia ya zamani haifungwi, hubaki kama njia ya miguu pembeni ya barabara ya lami, na mtu huirudia akichoka au akiogopa.

Kwa hiyo mwalimu anayemkataza mwanafunzi «asifikiri kwa Kiswahili» anamwomba jambo ambalo ubongo hauwezi kulitii.

Mwili unahusikaje? Si maana hukaa kichwani?

Maana hutegemea mwili zaidi ya tulivyofundishwa shuleni. Mwaka 2004 Olaf Hauk, Ingrid Johnsrude na Friedemann Pulvermüller, wakifanya kazi Cambridge, waliwapa watu vitenzi vya kusoma huku wakipiga picha za ubongo wao. Vitenzi vya mguu, kama kupiga teke, viliwasha sehemu zilizo karibu na zile zinazouendesha mguu. Vya mkono, kama kuokota, viliwasha karibu na sehemu za mkono. Na vya mdomo, kama kulamba, karibu na sehemu za ulimi na uso. Msomaji hakutikisa kiungo chochote. Alisoma tu.

Sasa fikiria neno «kutwanga». Mama aliyetwanga sombe, yaani majani ya muhogo, tangu akiwa na miaka minane hana neno hilo kama sauti peke yake: ana uzito wa mchi, mlio wa kinu, harufu ya majani mabichi na maumivu ya mabega yanayokuja jioni. Anapolisikia, vyote hivyo viko tayari kuamshwa kwa kiasi fulani. Mpe neno la Kifaransa «piler», alilolikuta kwenye ubao wa darasa katikati ya orodha ya vitenzi kumi, na atakupa tafsiri sahihi kabisa. Lakini neno hilo lilizaliwa penye chaki, na chaki ndiyo harufu yake. Tofauti hii haidumu milele. Wachunguzi wamewakuta watu walioimudu lugha ya pili wakiwasha sehemu hizo za mwendo vilevile. Kinachoamua, kwa ninavyoona mimi darasani, ni neno lilikuja pamoja na kitu gani mkononi.

Kwa nini tusi la Kifaransa haliniumi kama la nyumbani?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ndiyo sababu ninalijibu kwa urefu.

Mwaka 2003 Catherine Caldwell-Harris, Ayşe Ayçiçeği na Jean Berko Gleason walipima jasho la vidole vya watu wenye lugha ya kwanza ya Kituruki ambao walijifunza Kiingereza baadaye. Hofu, aibu na hasira huongeza unyevu mdogo sana kwenye ngozi ya vidole, kiasi ambacho mtu mwenyewe hakihisi, lakini chombo cha umeme hukisoma. Washiriki walisikia na kusoma maneno ya kawaida, matusi, maneno ya miiko, na makaripio ambayo wazazi huwapa watoto, ya namna ya «huoni aibu!». Ngozi iliitikia zaidi kwa Kituruki, na pengo kubwa lilikuwa kwenye makaripio. Kwa Kiingereza makaripio hayo yalieleweka vizuri, lakini mwili ulitulia. Watu waliojifunza Kiingereza wakiwa bado watoto wadogo, katika utafiti uliofuata, hawakuonyesha tofauti hiyo.

Sababu haifichiki. Neno la lugha ya kwanza lilijifunzwa wakati uleule ambapo mtoto alikuwa anajifunza kuogopa, kupendwa, kuaibika na kusamehewa. Sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia, hasa ile ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala, zilikuwa kazini wakati neno linaingia. Neno la lugha ya pili mara nyingi huingia wakati mtu amekaa kitako kwenye benchi, akinakili.

Linganisha «deuil», neno la Kifaransa la maombolezo, na «matanga». Mwanafunzi wa Bukavu huandika neno la kwanza bila kosa. Neno la pili linampelekea usiku wa moto wa kuni uani, viti vilivyoazimwa kwa majirani, nyimbo zinazoendelea hadi alfajiri, na jina la mtu fulani. Niliwahi kumtafsiria mama mmoja taarifa ya kifo iliyosomwa kwa Kifaransa rasmi. Alikuwa mwalimu mstaafu, na Kifaransa alikijua. Alisikiliza hadi mwisho, mikono imepangwa juu ya pochi yake, akaitikia kwa kichwa, akauliza kuhusu karatasi za kutia sahihi. Mkwewe alipoingia na kusema maneno mawili tu ya Kimashi, pochi ilianguka. Muuguzi aliyekuwa pale aliniuliza baadaye kama mama yule hakuwa ameelewa mara ya kwanza. Alikuwa ameelewa kila neno. Mwili wake ndio ulikuwa haujaambiwa.

Basi mtu anayepokea habari nzito kwa utulivu katika lugha ya pili asihesabiwe kuwa ana moyo mgumu.

Je, lugha ninayotumia hubadilisha maamuzi yangu?

Kwa kiasi fulani, ndiyo, katika mazingira ya majaribio. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha kwamba watu hubadilisha uamuzi kulingana na jinsi swali lilivyopangwa: tiba inayosemwa kwamba «itaokoa watu 200 kati ya 600» hupendwa kuliko ileile inayosemwa kwamba «watu 400 watakufa», ingawa hesabu ni moja. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walirudia maswali ya namna hiyo kwa watu waliosoma katika lugha ya kigeni, na athari ya mpangilio wa maneno ikapungua sana.

Albert Costa na wenzake, mwaka 2014, walitumia swali chungu zaidi: je, ungemsukuma mtu mmoja kutoka darajani ili kuzuia treni isiwaue watu watano? Waliokubali kumsukuma walikuwa asilimia 20 kwa lugha yao wenyewe na asilimia 33 kwa lugha ya kigeni. Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni kwamba katika lugha ya pili karaha ya kumsukuma mtu kwa mikono yako huwa hafifu, na hesabu hubaki peke yake mezani.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi maamuzi makubwa yafanywe kwa Kifaransa, kwa kuwa kina «akili tulivu». Mimi siafikiani nao. Karaha ya kumdhuru mtu ni sehemu ya busara, na familia inayoamua kuhusu upasuaji wa mzazi wao inahitaji hesabu na hisia kwa pamoja. Ushauri ninaoutoa ni kuijadili habari katika lugha zote mbili, na kulala usiku mmoja katikati ikiwa muda unaruhusu.

Kwa nini kichwa huniuma baada ya saa mbili za mkutano wa Kifaransa?

Kwa sababu umefanya kazi, na kazi hiyo ina dalili zinazoonekana hata kwa macho. Tangu mwaka 1966 Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni ya jicho hutanuka kadiri akili inavyobeba mzigo mzito zaidi, na mboni hiyohiyo hutanuka mtu anaposikiliza lugha asiyoimudu. Msikilizaji wa lugha ya pili hushika sauti kwenye kumbukumbu ya muda mfupi kwa muda mrefu zaidi huku akitafuta maana, na wakati huohuo anaizuia lugha yake ya kwanza isiingilie. Ubongo, ambao ni yapata asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu za mwili hata ukiwa umepumzika.

Kelele huongeza mzigo. Utafiti wa mwaka 1997 kuhusu wasemaji wa Kihispania wanaojua Kiingereza ulionyesha kwamba waliojifunza ukubwani walishindwa mapema zaidi kelele zilipoongezeka, na hawakuweza kutumia vizuri maneno ya jirani kukisia neno lililopotea. Weka hilo katika darasa la hapa lenye watoto wengi, paa la bati na mvua ya mwezi wa nne. Mwanafunzi anayeelewa somo saa mbili asubuhi na kulipoteza mvua inapoanza si mvivu.

Wakalimani wa mikutano ya kimataifa hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Sisi wa vituo vya afya hatuna wa kutupokea, lakini nimejifunza kuomba dakika mbili za kunywa maji, na sioni haya tena.

Kwa nini najikuta nahesabu kwa Kifaransa hata ninapoongea Kiswahili?

Hesabu kamili huhifadhiwa pamoja na lugha iliyofundishiwa. Elizabeth Spelke na Sanna Tsivkin walionyesha mwaka 2001 kwamba watu waliofunzwa hesabu mpya katika lugha moja walizijibu kwa haraka zaidi katika lugha hiyo kuliko katika nyingine, ilhali makadirio ya jumla hayakutegemea lugha. Muuzaji wa Nyawera anayepatana bei kwa Kiswahili na kunong'ona jumla kwa Kifaransa anatumia kila chombo pale kilipowekwa.

Kumbukumbu zangu zinakaa katika lugha gani?

Zinafunguka kwa urahisi zaidi katika lugha ambayo tukio lilitokea. Viorica Marian na Ulric Neisser, mwaka 2000, waliwahoji watu waliohama kutoka nchi za Kirusi kwenda Marekani. Walipohojiwa kwa Kirusi walikumbuka zaidi matukio ya wakati wa Kirusi, na walipohojiwa kwa Kiingereza yakaja zaidi ya wakati wa Kiingereza. Lugha ni kama harufu ya nyumba: ukiinusa, vyumba hufunguka vyenyewe.

Jambo hili linamhusu kila anayesikiliza ushuhuda, awe wakili, mchunguzi au mshauri wa kisaikolojia. Mtu aliyeteseka akiwa anaishi maisha yake kwa Kimashi au Kihavu, akihojiwa kwa Kifaransa, huenda akatoa maelezo mafupi na makavu. Wakati mwingine ukavu huo humsaidia kusema yasiyosemeka, kwa kuwa lugha ya pili humpa umbali, na mshauri mwenye uzoefu humwachia mteja achague aanze na ipi. Ila ukavu huo usichukuliwe kuwa dalili ya uongo.

Nina miaka arobaini. Je, nimechelewa?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Kwa upande wa maana, la. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba upo wakati maalumu wa kujifunza lugha unaoishia karibu na kubalehe. Mwaka 2018 Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walichambua majibu ya watu yapata 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza kwenye intaneti, wakakadiria kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hubaki imara hadi miaka 17 hivi, kisha hushuka. Lafudhi ya utotoni nayo ni vigumu kuifikia ukubwani.

Msamiati hauna mlango unaofungwa namna hiyo. Mtu huongeza maneno hadi uzeeni. Tena ubongo huanza kujifunza kabla mwenyewe hajajua: Judith McLaughlin, Lee Osterhout na Albert Kim walichapisha mwaka 2004 kwamba wanafunzi wa Kifaransa huko Marekani, baada ya wastani wa saa 14 tu za masomo, mawimbi ya ubongo wao yalitofautisha maneno halisi ya Kifaransa na maneno ya kubuni, ilhali wao wenyewe walipoulizwa walijibu kwa kubahatisha. Mwanafunzi wangu anaposema «sijashika kitu» baada ya mwezi wa kwanza, humweleza habari ya utafiti huo.

Mtoto wangu atachanganyikiwa tukimsemesha lugha tatu?

Hatachanganyikiwa. Kuchanganya maneno ya lugha mbili katika sentensi moja ni hatua ya kawaida, na hata watu wazima wa Bukavu hufanya hivyo siku nzima wakielewana vizuri. Msemeshe mtoto lugha unayoweza kumbembelezea.

Nifanye nini ili neno jipya liingie mwilini?

Lipe kitu cha kushika. Majaribio ya Manuela Macedonia na wenzake yameonyesha kwamba maneno ya lugha ngeni yanayojifunzwa pamoja na ishara ya mkono inayolingana na maana yake hukumbukwa vizuri kuliko yale yanayosomwa na kusikilizwa tu. Nilikuwa na mwanafunzi mwendesha pikipiki ambaye neno «glisser», kuteleza, lilimtoka kichwani majuma matatu mfululizo. Jioni moja mvua ilikuwa imenyesha, tukasimama nje penye mteremko wa udongo mwekundu, akaweka mguu wake uliovaa ndala, ukamponyoka, akanishika bega na neno likatoka kinywani mwake lenyewe. Hakulisahau tena.

Usingizi nao ni sehemu ya somo. Neno jipya hushikwa kwanza na hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, na usingizi husaidia kulihamishia kwenye gamba la ubongo ambako maneno mengine yanaishi. Kusoma dakika ishirini kabla ya kulala kuna faida kuliko kukesha saa tatu kabla ya mtihani. Na jambo la mwisho ambalo wanafunzi wangu hawalipendi: tumia lugha hiyo kwa jambo linalokugusa. Gombana kwa Kifaransa, omba radhi kwa Kifaransa, simulia ndoto yako. Orodha ya matunda haijawahi kumtoa mtu jasho.

Mzee wetu amepata kiharusi. Ni lugha ipi itakayorudi?

Mara nyingi lugha zote hurudi sambamba, kila moja kwa kiwango kinacholingana na ilivyokuwa. Lakini hutokea moja ikatangulia au ikabaki peke yake. Théodule Ribot, mwishoni mwa karne ya 19, alidhani kwamba ya utotoni ndiyo hudumu. Albert Pitres, mwaka 1895, akasema kwamba hurudi kwanza ile iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa. Hakuna kanuni mojawapo inayowafaa wagonjwa wote. Msemesheni mzee katika lugha zake zote, polepole, moja baada ya nyingine, na andikeni ni ipi anayoitikia, kwa maana daktari anayempima kwa Kifaransa pekee anaweza kuandika kwamba hasemi, kumbe anasema Kilega na binti yake kila jioni.

Muuguzi au daktari ajuaje kama mgonjwa ameelewa?

Asimuulize «umeelewa?», kwa sababu hapa kwetu heshima hujibu «ndiyo» kabla ya akili. Amwombe arudishe maelezo kwa lugha yake mwenyewe. Mimi hutumia swali hili: «Mama, ukifika nyumbani, baba watoto akikuuliza waganga wamesema nini, utamjibu vipi?»

Mwaka jana mama kijana aliambiwa kwamba kipimo cha mtoto wake ni «négatif». Alishukuru kwa Kifaransa kizuri, akaanza kumfunga mtoto mgongoni, na nilitaka kumwita anayefuata. Nikamuuliza swali langu. Alikaza kitenge kifuani, akasema kwa sauti ya chini kwamba atamwambia baba yake mtoto kuwa mambo ni mabaya, wameambiwa negatifu, na kwamba watauza mbuzi ili warudi. Shuleni kwake, alama yenye kistari mbele yake ilikuwa kosa, na katika kila sentensi ya redio aliyowahi kuisikia, negatifu ni kibaya. Nilimwambia kwa Kimashi kwamba ugonjwa haukuonekana katika damu ya mtoto. Akafungua kitenge, akamketisha mtoto tena mapajani, na akaniomba nirudie.